Uwakili (Tanzania Bara)

Uwakili ni kazi ya kumwakilisha mteja mahakamani na kumwandalia nyaraka za kisheria. Unasimamiwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Mwenye shahada ya sheria huitwa mwanasheria. Huwa wakili pale tu Jaji Mkuu anapomkubali na jina lake kuingizwa katika daftari la mawakili.

Mafunzo na mitihani

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961. Kwa muda mrefu wahitimu walipitia mafunzo kazini, kisha wakasailiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Sheria ya mwaka 2007 ikaunda Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanza kufundisha 2008. Wazo lilikuwa zuri, kwani anayejua nadharia ya mikataba si lazima ajue kuandaa hati ya madai au kumdodosa shahidi wa upande wa pili. Mwaka 2022, hata hivyo, matokeo ya mkupuo mmoja yalizua gumzo nchini: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya waziri wa zamani Harrison Mwakyembe. Wanaotetea ukali huo husema kosa la wakili hulipwa na mteja, na ni kweli: shauri likifunguliwa nje ya muda, haki yaweza kupotea. Lakini chujio linalozuia karibu kila kitu halimpimi mwanafunzi peke yake. Linavipima pia vyuo vilivyompa shahada, navyo havikuondolewa popote. Ukali ungefaa zaidi ukianza mapema, kwa kudahili wachache na kuwatia katika kliniki za msaada wa kisheria wakiwa bado chuoni, chini ya macho ya wakili mzoefu. Kurejea mafunzo ya ofisini pekee si dawa, maana hapo mwanafunzi hutegemea bahati ya kumpata bosi mwenye moyo wa kufundisha.

Lugha

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, ilhali shahada zinaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Hukumu za zamani zimo katika Kiingereza, hivyo hakiwezi kuachwa. Mtahiniwa apimwe kwa lugha zote mbili.

Zanzibar

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na utaratibu wake wa kupokea mawakili.