Nguzo Saba kizimbani: tiba ya uraibu kwa vijana Weusi wa Marekani

Umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Msomaji wa Pwani hahitaji kamusi kuyaelewa maneno haya. Huko Marekani wapo vijana wanaosomeshwa maneno hayohayo ilhali Kiswahili hawakijui, na baadhi yao wamefikishwa hapo na mahakama. Yanaitwa Nguzo Saba, na aliyeyapanga ni Maulana Karenga mwaka 1966, alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa. Hapa nitaeleza yalivyoingia katika tiba ya uraibu na ninavyoyaona mimi.

Kwanza, tujue kijana huyo anatoka wapi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 ilimpa mtu aliyeshikwa na gramu 5 za kokeini ya mawe adhabu sawa na aliyeshikwa na gramu 500 za kokeini ya unga. Ile ya mawe ndiyo iliyowafunga Weusi wengi. Mwaka 2010 Bunge lilipunguza tofauti hiyo kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1. Kwa upande wa vijana, tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba Weusi hawatumii dawa za kulevya kuwashinda wenzao Wazungu, lakini wao ndio hukamatwa na kuwekwa korokoroni zaidi.

Mahakama maalumu ya kesi za dawa za kulevya ilianzia Miami mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 zikafuata za watoto. Hakimu humwambia kijana: nenda ukatibiwe, upimwe mkojo, kisha urudi kwangu. Wazo ni zuri, ila lina mtego. Mgonjwa wa kawaida akichoshwa na mshauri wake huacha kwenda, basi. Kijana wa mahakama akiacha, amevunja masharti, na anaweza kurudishwa kizuizini. Kwa hiyo tiba isiyomvuta kijana inaweza kumgharimu uhuru wake.

Mbona wengine hawavutiki? Sababu moja ni kukosa imani. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama, tangu 1932 hadi 1972 maafisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Mambo kama hayo bibi huwasimulia wajukuu. Isitoshe, kijana anajua kwamba mshauri anayemwambia "nifungulie moyo" huenda akapeleka ripoti kwa afisa wa probesheni.

Hapo ndipo linapokuja wazo la kuishona tiba kwa kipimo cha mvaaji. Kuna ushonaji wa juujuu: picha za watu Weusi ukutani, muziki wao, mshauri anayefanana nao. Na kuna wa ndani, unaogusa historia, dini, familia na hasira ya kuonewa. Chuo Kikuu cha Miami, katika tiba ya familia aliyoiasisi Howard Liddle, watafiti waliona kwamba vijana Weusi wa kiume walishiriki zaidi pale mtaalamu alipozungumza nao waziwazi kuhusu hasira, kutengwa, na safari ya kutoka utotoni hadi uanaume.

Huko Washington, Aminifu Harvey na wenzake walitumia njia iliyo karibu na jando letu. Vijana walipewa mafunzo ya kuvuka rika kwa misingi ya Nguzo Saba, na wazazi nao wakahusishwa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2004 ilionyesha vijana wamepiga hatua katika kujithamini na kuyajua madhara ya dawa za kulevya. Lakini kujua madhara si kuacha. Wangapi wetu wanajua madhara ya sigara na bado wanavuta?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: maneno ya Kiswahili peke yake hayamtibu mtu. Ujima kwetu ni watu kushikana kulima shamba la mmoja wao. Ukimfundisha kijana neno ujima kisha ukamwachia mzigo wote peke yake, umemfundisha msamiati tu. Kinachomfaa ni mama na bibi kukaa naye kwenye tiba, na mtu mzima anayemwamini asiyemkimbia anapoteleza.

Nina neno pia kwa jamaa zetu wanaolea watoto huko. Kijana wa familia ya Kiswahili akifika mahakamani ataandikwa "Mweusi", na huenda akapelekwa kwenye mpango ulioshonwa kwa historia ya watumwa wa Georgia, si kwa mtoto aliyelelewa chuoni na msikitini. Semeni mapema. Mwelezeni wakili lugha ya nyumbani na dini yenu, na ombeni mkalimani mzazi asipoelewa Kiingereza. Kisha ulizeni ni nani atakayeziona kumbukumbu za tiba. Sheria ya shirikisho inalinda siri hizo, na kwa kawaida kituo huhitaji idhini ya maandishi kabla ya kuzitoa. Isomeni karatasi hiyo kabla ya kutia sahihi.