Kuta Nazo Huzeeka: Kutoka Kilosa hadi Mtera

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta lake mjini Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata Reli ya Kati. Tuta lile lilikuwa la udongo, na adui yake alikuwa mvua. Hata hivyo, naliona kuwa somo la kuta zote zinazozuia maji: tunazisherehekea zinapozinduliwa, kisha tunazisahau zinapozeeka.

Ukitoka Mikumi kuelekea kusini utafika Kidatu, penye kituo cha umeme cha megawati 204. Maji yake huhifadhiwa juu zaidi katika mto huohuo wa Ruaha Mkuu, nyuma ya ukuta wa zege wa Mtera. Nchi hii yote imepasuliwa na Bonde la Ufa. Tusisahau kwamba Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4.

Zege huhimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Joto la saruji inapoganda huweza kulitia nyufa likiwa bado changa. Baadaye, baadhi ya kokoto hupambana na alkali za saruji na kulivimbisha kutoka ndani. Tetemeko linapokuja, ukuta huyumba, ufa hufunguka na kujifunga, na maji yanayopenya humo husukuma kwa nguvu zake. Ukuta uliochoka huingia katika mtihani huo ukiwa umekwisha kupoteza sehemu ya uwezo wake.

India ilijifunza hayo tarehe 11 Desemba 1967. Bwawa la Koyna, lenye kimo cha mita 103 na umri wa miaka michache tu, lilipata nyufa pande zote mbili. Halikuanguka, wahandisi waliziba nyufa na kuliongezea mihimili ya zege. Ikiwa ukuta mchanga ulijeruhiwa hivyo, wa makamo unastahili uangalizi mkubwa zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa, methali hiyo ni ya upole mno, kwani anayeishi chini ya mto huenda asiwepo kuujenga. Kwa hiyo nadai jambo moja: ripoti za ukaguzi wa mabwawa yetu ziwekwe wazi kila mwaka, na fedha za matengenezo zitengwe kabla ya fedha za sherehe. Wananchi wa Kilosa wamekwisha kulipa ada ya somo hili.