Maktaba ya Upande wa Seva

Msimu wa mbaazi ukifika Babati, kila kitu huanzia kwenye mizani. Mkulima wa Gallapo au Riroda anashusha magunia yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, karani anapima na kuandika kilo, kisha mkulima anarudi nyumbani kusubiri mnada na malipo. Tarakimu moja ikikosewa hapo, jasho la mwaka mzima limepungua.

Tuseme chama cha namna hiyo kimemwomba kijana wa mjini Babati atengeneze programu ya simu ya kurekodi mizani. Kumbukumbu zitakaa kwenye kanzidata ya winguni. Kabla hajaandika mstari wa kwanza wa msimbo, kijana huyo anapaswa kujua ni nani atakayeigusa kanzidata hiyo na kwa njia ipi. Jibu limo ndani ya istilahi inayostahili kuelezwa polepole: maktaba ya upande wa seva.

Nianze na maneno yanayoizunguka. Kanzi ni hazina, na kanzidata ndilo neno ninalolipendelea. Wapo wanaosema hifadhidata, na hawakosei, ingawa kwa mkazi wa Babati neno hifadhi huipeleka akili kwenye mbuga ya Tarangire kwanza. Winguni hakuna kitu kinachoelea angani: ni kompyuta zilizopangwa ndani ya majengo ya kampuni fulani, katika nchi fulani, chini ya sheria za nchi hiyo. Google, kwa mfano, ilifungua eneo lake la kwanza la huduma hizi barani Afrika mwaka 2024, mjini Johannesburg. Maktaba nayo, kwa waandishi wa programu, ni bunda la msimbo ulioandikwa tayari, ambao mtu huuita ndani ya programu yake badala ya kuandika kila kitu mwenyewe. Neno hili limeshazoeleka na halina tatizo. Uzito wote uko kwenye maneno yanayofuata: upande wa seva.

Chukua Firebase, huduma iliyoanzishwa mwaka 2011 na James Tamplin na Andrew Lee, kisha ikanunuliwa na Google mwaka 2014. Inatoa kanzidata na uthibitishaji wa watumiaji kwa pamoja, na maktaba zake ni za makundi mawili. Kundi la kwanza hukaa ndani ya simu au kivinjari. La pili, linaloitwa Firebase Admin SDK, hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kujibu maombi ya programu hizo, na mtu anaweza kulitumia kwa lugha au mazingira kama Node.js, Java, Python au Go. Ukiyatazama juu juu, yote mawili yanasoma na kuandika data ileile. Yanatofautiana katika mamlaka.

Ombi linalotoka kwenye simu kupitia maktaba ya kwanza hukaguliwa na kanuni za usalama alizoziandika mwenye mfumo: karani huyu anaruhusiwa kuandika mizani ya ghala lake tu, mkulima yule anaruhusiwa kusoma rekodi zake tu. Ukaguzi huo ni wa lazima kwa sababu simu imo mkononi mwa mtu, na mwenye ujuzi anaweza kuifungua programu iliyomo na kusoma jinsi ilivyoundwa. Maktaba ya upande wa seva huingia kwa ufunguo wa siri wa akaunti ya huduma, na kanuni zile hazikikagui inachofanya kwenye kanzidata. Inasoma kila rekodi, inaandika popote, inafungua akaunti za watumiaji na kuzifunga. Supabase, huduma nyingine ya aina hii iliyojengwa juu ya PostgreSQL, ina mpango unaofanana na huo: upo ufunguo wa seva unaopita juu ya kanuni zote za safu za majedwali.

Kwa hiyo upande unaotajwa hapa ni upande wa wanaoaminiwa. Google yenyewe imeiita maktaba yake ya seva kwa neno Admin, lenye maana ya msimamizi, na wapo wanaoweza kupendekeza tuseme maktaba ya msimamizi. Mimi naona jina hilo litapotosha. Msimamizi kwenye chama cha ushirika ni mtu mwenye jina na sahihi, tena anaweza kuitwa mbele ya mkutano mkuu akajieleza. Msimbo wa seva hauitwi mkutanoni. Heri tutaje mahali unapofanyia kazi, halafu tufundishe mamlaka yanayoambatana na mahali hapo.

Seva itamjuaje anayeleta ombi? Hapa ndipo uthibitishaji unapoingia, na lazima utenganishwe na idhini. Uthibitishaji unajibu swali la wewe ni nani. Idhini inajibu swali la unaruhusiwa kufanya nini. Karani akiingia kwa namba ya simu au nywila, Firebase humpa tokeni ya utambulisho, na programu huituma tokeni hiyo kwa seva pamoja na kila ombi. Watanzania wanalijua neno tokeni kutokana na umeme wa LUKU: tarakimu 20 zilizotengenezwa kwa ajili ya mita moja, ambazo mita nyingine itazikataa. Tokeni ya utambulisho nayo imefungwa kwa mtumiaji mmoja na mradi mmoja, na ina saini ya kidijitali ambayo maktaba ya seva huikagua. Lakini ile ya umeme ikishaingizwa imekwisha kazi, ilhali hii inatumika tena na tena mpaka muda wake uishe, yaani saa 1 tangu itolewe. Mwizi akiinasa, ana dakika zilizobaki za kujifanya karani.

Ndani ya tokeni hiyo seva inaweza kuweka maelezo ya ziada, mathalani kwamba mtumiaji huyu ni mhasibu au ni wa ghala la Magugu. Nafasi yake ni ndogo, herufi 1000 hivi, lakini inatosha kwa cheo na kituo. Neno la Kiingereza la maelezo hayo, claims, likifasiriwa moja kwa moja, hutupa madai, na hilo napenda tulikatae kabisa. Madai ya wakulima, kwenye chama cha msingi, ni fedha ambazo hawajalipwa! Fikiria mhasibu anayefungua mfumo na kukuta jina lake limeandikwa kando ya madai. Jina la sifa za mtumiaji linatosha, na kila mtu atalielewa.

Sasa turudi kwa kijana wetu, maana kujua istilahi kunambadilishia hata ramani ya mfumo. Vijijini mtandao hukatika. Maktaba ya simu ya Firebase inaweza kutunza rekodi ndani ya simu yenyewe na kuzipeleka kwenye kanzidata mtandao ukirudi; maktaba ya seva haina uwezo huo, na ombi lililopitia kwake bila mtandao halifiki. Basi kazi ya mizani aiache ipite njia ya simu, chini ya kanuni kali: karani aongeze rekodi, asiweze kubadilisha wala kufuta aliyoiandika jana. Bei ya mnada, hesabu ya makato na orodha ya malipo azipitishe kwenye seva peke yake, kwa sababu hayo hayapaswi kuguswa na simu ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Mara nyingi wanaoanza huona njia ya seva ni rahisi kwa kuwa haigombani na kanuni, wakapitishia kila kitu humo. Huo ni urahisi wa kuacha mlango wazi.

Kibaya zaidi ni kuutia ufunguo wa seva ndani ya programu ya simu, au kuupandisha kwenye hazina ya msimbo ambayo dunia nzima inaisoma. Ufunguo huo ni faili dogo la maandishi, na yeyote mwenye nakala anapata majina ya wakulima wote, namba zao za simu na akaunti zao za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde, na chama kidogo cha kijijini kinaweza kuwa ndicho mkusanyaji huyo.

Tena faili hilo, lisipowekewa ukomo, haliishiwi muda kama tokeni. Hukaa likifanya kazi hadi mtu aingie kwenye akaunti ya mradi na kulifuta. Kwa hiyo siku kijana aliyeusimika mfumo anapopata kazi Arusha au Dodoma, makabidhiano yake na katibu wa chama yawe na kipengele hiki kando ya vitabu, muhuri na funguo za ghala: ufunguo wa zamani wa seva umefutwa, mpya umetolewa, na tarehe imeandikwa.