Mtendeli: Afya ya Akili na Tiba ya Mazungumzo katika Kambi za Kigoma

Mtendeli ni eneo la wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma nchini Tanzania. Eneo hilo lilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi katika vipindi viwili, cha kwanza kilichoanza katika miaka ya 1990 na cha pili kuanzia Januari 2016 hadi Desemba 2021. Katika makala hii Mtendeli inaangaliwa pamoja na kambi za Kanembwa, Nduta na Nyarugusu, kwa kuwa wakimbizi walihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, na kwa kuwa sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu unasihi, yaani tiba ya maradhi ya akili inayotolewa kwa mazungumzo yenye mpangilio, ilipatikana katika kambi hizo jirani.

Chimbuko la kambi

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 na vita vilivyofuata viliwaleta Warundi wengi Kibondo, na mwaka 1996 Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Kivu Kusini. Wimbi jingine lilianza Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa mgombea kwa muhula wa tatu. Makumi ya maelfu ya watu walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kiliwakuta kabla ya meli ya MV Liemba kuwavusha hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu. Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015 na Mtendeli miezi michache baadaye ili kuipunguzia Nyarugusu msongamano, ingawa uhaba wa maji uliizuia Mtendeli kupokea zaidi ya watu wapatao 50,000.

Matatizo yanayojitokeza

Mtu anayesikia habari za afya ya akili kambini hufikiria kwanza kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha na ambalo humrudishia mtu tukio hilo katika ndoto na katika fikra za mchana. Rejista za zahanati zinaonyesha picha tofauti. Uchambuzi wa takwimu za kambi 90 za wakimbizi katika nchi 15, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kundi kubwa zaidi la waliofika zahanati kwa matatizo ya akili, ya mishipa ya fahamu na ya ulevi lilikuwa la wagonjwa wa kifafa, likifuatiwa na la wagonjwa wa saikosisi, yaani hali ambamo mtu husikia sauti zisizokuwepo au hushikilia imani zisizolingana na uhalisia. Kifafa si ugonjwa wa akili, bali ni hitilafu ya umeme wa ubongo, lakini katika zahanati za kambi huhudumiwa na wauguzi walewale wa afya ya akili, na dawa yake ya siku nyingi, fenobabitali, ni ya bei nafuu na huzuia degedege kwa wagonjwa wengi wanaoimeza kila siku bila kuikatisha. Kwa mtoto aliyekuwa akianguka motoni jikoni, tiba hiyo ina uzito usiopungua ule wa unasihi wowote, na ni jambo la kusikitisha kwamba hutajwa kwa nadra katika maandishi yanayohusu mateso ya wakimbizi.

Sonona ni huzuni nzito inayodumu kwa wiki nyingi, ikiambatana na kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula na ya kazi, na wakati mwingine kutamani kufa. Wenye sonona, kama walivyo wenye hofu iliyopita kiasi, hawafiki zahanati kwa wingi unaolingana na idadi yao, na wengi wanaofika hulalamikia kichwa, moyo kwenda mbio au maumivu ya mwili. Katika mahojiano ya kitafiti na wanawake wa Nyarugusu, malalamiko yaliyotajwa ni huzuni, hofu na msongo wa mawazo. Shirika la Afya Duniani hukadiria, kwa mujibu wa uchambuzi wa mwaka 2019, kwamba takribani mtu mmoja kati ya watano wanaoishi katika maeneo yenye vita ana tatizo la afya ya akili la kiwango fulani.

Si kila dhiki inatokana na yaliyoachwa nyuma. Mkimbizi nchini Tanzania huishi kambini na hutoka kwa kibali. Mwaka 2017 mgawo wa chakula ulipunguzwa kwa sababu ya upungufu wa fedha, na Septemba mwaka huohuo safari za kurejea Burundi kwa hiari zilianza, huku wengi wakiwa hawajui kama kubaki kutaendelea kuwezekana. Mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, hana uwezo wa kuongeza kilo ya unga wala kumhakikishia mtu usalama wa kijiji chake. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu huduma za kisaikolojia na kijamii wakati wa dharura unalikiri hilo, kwani unaweka chakula, maji na usalama chini kabisa kama msingi, kisha msaada wa familia na jamii, kisha msaada wa watu waliofunzwa ambao si mabingwa, na juu kabisa tiba ya wataalamu kwa wachache wanaoihitaji.

Ukatili dhidi ya wanawake na tiba ya vikundi

Ukatili dhidi ya wanawake ndilo eneo lililoandikwa kwa kina kuliko mengine yote. Mwaka 1996 Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) ilianza katika kambi ya Kanembwa kazi ambayo hadi wakati huo ilikuwa imefanywa kwa nadra sana kambini, yaani kuwauliza wanawake wenyewe kuhusu ukatili wa kijinsia waliofanyiwa. Ripoti ya Sydia Nduna na Lorelei Goodyear ya mwaka 1997 ilionyesha kuwa takribani mwanamke mmoja kati ya wanne alikuwa amefanyiwa ukatili huo, na kutokana na kazi hiyo vilianzishwa vituo ambamo mwanamke aliweza kuingia, kusikilizwa kwa siri na kuelekezwa hospitalini au polisi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 iliongeza kwamba hatari haikuishia njiani: wanawake walivamiwa walipokwenda kutafuta kuni, na wengi walipigwa na waume zao ndani ya kambi.

Usikilizaji ulioanzia Kanembwa ulikuwa wa huruma, lakini haukuwa bado tiba yenye hatua maalumu zilizopimwa. Hatua hizo zilipimwa ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, katika utafiti wa Judith Bass na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, ambamo wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walipewa ama msaada wa mtu mmoja mmoja, ama tiba ya kuchakata fikra katika vikundi vya watu sita hadi wanane. Tiba hiyo humsaidia mtu kuitambua fikra iliyoganda baada ya tukio, kwa mfano kwamba kosa lilikuwa lake au kwamba hafai tena kukaa na watu, kisha kuipima hatua kwa hatua dhidi ya ukweli, na kwa kuwa wengi hawakuwa wamesoma, mazoezi yaliyozoeleka kuandikwa yaligeuzwa kuwa ya kukumbukwa kwa kichwa. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari, bali wasaidizi wa kijamii wenye elimu ya sekondari kwa kiasi fulani, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Miezi sita baada ya tiba, dalili za sonona au hofu za kiwango cha ugonjwa zilibaki kwa asilimia 9 ya waliokuwa vikundini, na kwa asilimia 42 ya waliopewa msaada wa kawaida.

Kwa kufuata mfano huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, miongoni mwao Wietse Tol na Claire Greene, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, walibuni kwa ajili ya wanawake wa Kikongo wa Nyarugusu mpango ulioitwa Nguvu. Vipindi vilifupishwa hadi vinane na kuunganishwa na ushauri wa kumwezesha mwanamke anayepigwa na mwenzi wake kupanga usalama wake na kujua mahali pa kupata msaada, jambo la busara, kwa kuwa kumtuliza mtu fikra na kumrudisha kwenye kipigo ni tiba nusu. Jaribio la mpango huo lilikusudiwa kupima kama mpango unatekelezeka kambini, na ulitekelezeka. Halikukusudiwa kuthibitisha uponyaji.

Wanaume

Dhiki ya kambini iliwagusa wanaume pia: Simon Turner, aliyefanya utafiti katika kambi ya Lukole wilayani Ngara, mkoani Kagera, alieleza jinsi wanaume wa Kirundi walivyohisi kwamba mamlaka yao ya kulisha familia yamechukuliwa na mashirika.

Waganga na viongozi wa dini

Wagonjwa wengi hupitia kwa mganga wa kienyeji au katika maombi kabla ya kufika zahanati, na wengine huendelea na njia zote kwa pamoja.

Hali baada ya 2021

Mtendeli ilifungwa Desemba 2021 na wakazi wake waliobaki wakahamishiwa Nduta, ambako Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walikuwa wakiendesha hospitali yenye unasihi wa mtu mmoja mmoja na wa vikundi. Nje ya kambi, wananchi wa Kibondo, Kakonko na Kasulu wako chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, lakini hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka huko.