Mwezi wa Nani? Kalenda na Mkwamo wa Mafao Mapya nchini Uingereza

Kiswahili hakichanganyi mshahara na kibarua. Mshahara una mwisho wa mwezi. Kibarua kina jioni. Neno kibarua lenyewe latokana na kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili kazi yake ihesabiwe naye alipwe. Tofauti hiyo ndiyo iliyopuuzwa Uingereza pale serikali ilipoyaunganisha mafao sita ya watu wa kipato kidogo kuwa fao moja liitwalo Universal Credit. Hoja ya makala hii ni kwamba chanzo kikuu cha machungu ya utekelezaji wake ni uamuzi wa kisera wa kuyapima maisha ya kila mhitaji kwa mwezi. Kompyuta, iliyolaumiwa zaidi, ilikuwa na sehemu ndogo tu.

Tuanze kwa kuwatendea haki waasisi. Katika mfumo wa awali mhitaji alizunguka: msaada wa kodi ya nyumba uko halmashauri, wa watoto uko mamlaka ya mapato, wa kukosa kazi uko ofisi ya ajira. Aliyeongeza saa za kazi aliweza kuona mafao kadhaa yakikatwa kwa mpigo, kila ofisi kwa hesabu yake. Sheria ya mwaka 2012, iliyosukumwa na Waziri Iain Duncan Smith, ilikusudia kuondoa mtego huo kwa ombi moja na kanuni moja ya makato. Ni vigumu kulipinga lengo hilo.

Utekelezaji ulianza vibaya. Majaribio yalifunguliwa Ashton-under-Lyne Aprili 2013. Kufikia Septemba, wakaguzi wa taifa walikuwa wameukosoa vikali usimamizi wa mradi, na mifumo ya kompyuta yenye thamani ya pauni milioni 34 ilikuwa imefutwa vitabuni. Kazi iliyotarajiwa kukamilika mwaka 2017 iliahirishwa tena na tena, hata mwaka 2025 wapokeaji wa mafao ya zamani walikuwa bado wanahamishwa. Hata hivyo, korona ilipobisha hodi, maombi takriban 950,000 yaliingia katika nusu ya pili ya Machi 2020, na mfumo ukahimili. Chombo kilikuwa kimetengemaa. Malalamiko ya kusubiri, madeni na malipo yasiyotabirika hayakuisha. Fundi akishatengeneza chombo na abiria bado wanalowa, inafaa kuitazama ramani ya safari.

Ramani hiyo ni kalenda. Wizara ilitaka fao lifanane na mshahara, limwandae mpokeaji kwa maisha ya kazi: lilipwe mara moja kwa mwezi, tena baada ya mwezi kupita. Kwa hiyo malipo ya kwanza yalichukua wiki sita, zikapunguzwa kuwa tano mwaka 2018. Lakini taasisi ya utafiti ya Resolution Foundation ilionyesha mwaka 2017 kwamba asilimia 58 ya waombaji wapya waliotoka kazini walikuwa wakilipwa kwa wiki au kwa wiki mbili. Waliambiwa wajiandae kwa ulimwengu wa kazi, ilhali ndiko walikotoka. Aliyezoea kupokea kila Ijumaa hana akiba ya wiki tano. Dawa aliyopewa ni malipo ya awali, ambayo kwa hakika ni mkopo unaokatwa kwenye mafao yafuatayo; hivyo msaada ukaanza kwa deni.

Tuisogelee hesabu yenyewe. Mzazi asiye na mwenzi analipwa tarehe 30 ya kila mwezi, na kipindi chake cha tathmini, yaani mwezi unaotumika kukokotoa fao, huanzia tarehe 30 hadi 29. Tarehe 30 Juni 2018 iliangukia Jumamosi, kwa hiyo mwajiri akalipa Ijumaa, tarehe 29. Kipindi cha 30 Mei hadi 29 Juni kikaonekana kina mishahara miwili. Kilichofuata, hadi 29 Julai, hakikuwa na hata mmoja. Kwa viwango vya wakati huo, mzazi aliyesaidiwa pia kodi ya nyumba aliachiwa pauni 198 za kwanza za kipato cha kila kipindi, na kila pauni iliyozidi ilipunguza fao kwa peni 63. Penye mishahara miwili nafuu hiyo ilihesabiwa mara moja. Pasipo na mshahara haikuwa na kazi. Takriban pauni 125 zikayeyuka kwa sababu ya Jumamosi.

Wazazi wanne wa aina hiyo, wote wanawake, walikwenda mahakamani. Juni 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kukataa kwa serikali kulitatua tatizo hilo kulikosa mantiki kisheria, na Novemba kanuni zikarekebishwa. Lakini rekebisho hilo liliwafaa wenye mshahara wa mwezi. Mama mwingine, aliyefanya kazi saa 16 kwa wiki na kulipwa kila baada ya wiki nne, alionekana katika miezi 11 kati ya 12 kuwa hajafikia kipato cha kumwepusha na ukomo wa mafao, yaani kikomo cha jumla ya mafao ambayo kaya inaweza kupokea. Angelipwa kwa mwezi, saa zilezile zingetosha. Oktoba 2021 Mahakama ya Rufani ilimkatalia.

Mtetezi wa mfumo atasema kila hesabu inahitaji kipindi, na mwezi ni rahisi. Ni kweli. Lakini Ireland ya Kaskazini ililianza fao hilo mwaka 2017 ikilipa mara mbili kwa mwezi, na kodi ya nyumba ikienda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Tathmini ilibaki ya mwezi, kwa hiyo tatizo la Jumamosi halikuondoka, ila ilithibitika kwamba ratiba ya malipo huchaguliwa. Na anayechagua anamchagua pia atakayebeba gharama ya tarehe zisizolingana. Hazina ya serikali ingeweza kuzibeba siku hizo bila kutikisika. Zilibebwa na mama wa saa 16, ambaye kwa mwaka hulipwa mara 13 na kuhesabiwa mara 12.