Kivutio cha Kikodi

Mtu wa Kilwa akisikia neno kivutio, mawazo humwendea Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wachumi wamelichukua neno hilohilo, na wamefanya vyema. Kivutio cha kikodi ni nafuu inayotolewa na serikali ili mtu anunue kitu ambacho bei yake ingemkimbiza, kama pikipiki ya umeme. Wengine huandika motisha. Kwangu mimi, motisha ni hamu iliyomo moyoni, na hamu haitungiwi sheria. Ushuru hutungiwa.

Ndani ya kivutio mna mambo ambayo huchanganywa kila bajeti inaposomwa. Ruzuku ni fedha zinazotoka hazina. Msamaha ni fedha ambazo hazina imeacha kuzidai. Kenya ilichukua njia ya msamaha wa sehemu mwaka 2019, ikashusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10.

Panapohitaji macho zaidi ni kwenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Bidhaa inaweza kusamehewa VAT, au kutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri, na mnunuzi haoni tofauti: risiti zote mbili hazina kodi. Anayeijua ni muuzaji. Kwenye kiwango cha sifuri, hurudishiwa VAT aliyoilipa kwa vipuri na huduma za biashara yake. Kwenye msamaha harudishiwi, kwa hiyo huipachika katika bei. Ndiyo maana dereva wa bodaboda wa Nangurukuru, Kilwa, anaweza kuambiwa pikipiki yake imesamehewa kodi, kumbe sehemu ya kodi ameilipa bila kuiona. Waandishi wa habari wanaoandika “kodi imefutwa” kwa hali zote mbili wanamnyima haki ya kuuliza.

Tena kivutio si lazima kiishie kwenye bei ya chombo. Rwanda, katika mpango wake wa Aprili 2021, iliwapa wenye vituo vya kuchaji bei ya umeme ya viwandani. Kwa Lindi, mkoa wenye Kilwa na Songo Songo, hilo lina uzito wa pekee. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, na bajaji za umeme za jijini huchajiwa kwa gridi inayolishwa na gesi hiyo. Somanga, bomba la gesi hiyo linapopandia nchi kavu, napo panastahili kituo cha kuchajia chenye bei hiyo ya viwandani.