Jina la Leso na Herufi Zake

Bibi yangu alisoma Kurani bila kukwama, lakini leso yake mwenyewe ilibidi asomewe. Kila akirudi na doti mpya kutoka Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, aliitandaza kitandani na kuniita: "Njoo, mume wangu. Hii inasemaje?" Nilikuwa darasa la pili. Herufi kubwa nilizijulia kwenye leso kabla sijazoea ndogo za vitabuni, maana jina la leso, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, halina herufi ndogo.

Sasa herufi hizo ndizo riziki yangu. Wafanyabiashara huniletea maneno, nami huyapangia herufi yakakae katikati ya mji, yaani uwanja wa ndani wa leso, juu kidogo ya pindo la chini.

Bibi hakuwa mjinga. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na leso moja aliyorithi kwa mama yake, imekwajuka hadi nyekundu yake imekuwa rangi ya chai, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hiyo hakuhitaji mtu. Leso za kwanza zenye maneno ndivyo zilivyokuwa: Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kwa sababu ndiyo hati ambayo watoto wa pwani, wake kwa waume, walifundishwa chuoni. Nguo yenyewe ilikuwa bado changa. Neno leso ni la Kireno, kitambaa cha mkononi, na mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walikuwa wakiunga vitambaa hivyo kwa sindano hadi vikatosha kujifunga. Kisha wenye maduka wakaagiza ng'ambo nguo iliyokwisha pigwa chapa nzima. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na simulizi za mjini humpa yeye sifa ya kutia maneno kwenye leso. Ukingoni mwa nguo zake huandikwa "K.H.E. – MALI YA ABDULLA", na nimeona akina mama wakitafuta maandishi hayo kabla hata ya kuuliza bei.

Hati ya Kiarabu ilikuwa na taabu yake. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa b, p na mb, hivyo bata, pata na mbata viliandikwa sawasawa, na msomaji akategemea maana imwongoze. Kwenye barua ndefu hilo halisumbui sana. Kwenye jina la maneno manne, lenye fumbo juu yake, ni kazi. Ila sidhani taabu hiyo ndiyo iliyoiondoa hati hiyo kwenye leso. Kitabu cha sarufi cha Edward Steere cha mwaka 1870 kiliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, serikali za Wajerumani na Waingereza zikazipeleka shuleni, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikuwa na vitabu vya shule akilini. Mfanyabiashara hufuata msomaji anayeinukia. Herufi zikabadilika, na mwanamke aliyeivaa nguo akawa hawezi kuisoma, anamwita mjukuu.

Kwa nini basi herufi kubwa, tena nene, zisizo na vikia kwenye ncha? Leso zetu zimechapwa Uholanzi, Uingereza, Japani, India, na kuanzia 1968 kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam. Nadhani fundi wa mbali asiyejua Kiswahili hata neno moja aliona nafuu kunakili herufi zilizosimama mbalimbali, kila moja kwa fito zake. Hata hivyo leso zilizokosewa tahajia hazikukosekana, na bibi alikuwa na moja iliyokatwa neno mahali pabaya hadi sikuweza kumsomea bila kucheka.

Mimi sikuyajua haya nilipotoka chuo cha sanaa. Kule tulifundishwa habari za Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliobuni upya alama za barabara za Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuacha mtindo wa kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu, kwa kuwa neno lenye herufi ndogo lina umbo ambalo jicho hulikamata upesi. Nikajiona mwerevu. Leso yangu ya kwanza ilisema "Pendo la kweli halina kelele", na kwenye kompyuta nikaichagulia fonti ya mwandiko wa kulala, kama ya kadi za harusi. Sampuli ikarudi kutoka kiwandani. Rangi ilikuwa imeziba macho ya a na e zote, na ile "kelele", ambayo kwa mwandiko huo ni vitanzi virefu na vifupi vinavyofuatana, ilikuwa kamba tu. Mwenye duka akaishika mbali na uso wake. "Mwanangu, hili ni jina au uzi umefumuka?"

Herufi ndogo nazo zilinishinda. Kiswahili kimejaa j, y, p na g, zenye mikia inayoning'inia, na kuipa nafasi lazima kisanduku cha jina kipande juu au herufi zisinyae. Msomaji wa leso hayuko garini. Anatembea hatua tano nyuma ya mwenye kuivaa, na nguo ina mikunjo. Nikarudi kwenye fito nene. Jina fupi nalitanua, refu nalibana kama abiria wa matatu, na kila sampuli naianika kwenye kamba uani, namwita mtoto wa jirani aisome akiwa getini.

Bibi alipofariki nilipewa ile leso ya sandukuni. Mwaka jana nikampelekea maalim mmoja mzee wa Mji wa Kale. Maneno matatu aliyasoma papo hapo. La nne akalirudia, akaisogeza nguo dirishani penye mwanga. "Ni pata au bata," akasema. "Bibi yako akilitamka vipi?"

Sikuwahi kumuuliza. Hiyo ndiyo leso pekee ambayo hakuwahi kuniita nimsomee.